Amplifaya ya Marehemu

Rafiki yangu Kuria hupiga gitaa kanisani Mountain View. Jumatatu moja alitumwa Lavington kuchukua sufuria za kanisa zilizotumika matangani. Alimkuta mjane peke yake. Sebuleni akaiona amplifaya ya gitaa ya marehemu mumewe, ile ya kuundwa kwa mkono, ambayo wapiga gitaa wa Westlands hubishana kama kweli inastahili bei ya gari.

"Hii bado iko sawa?" mjane akauliza.

Kuria akaweka mkono kifuani. "Pole, Mama. Hii ilikufa, haitoi sauti tena. Wacha nikuondolee."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Akaibeba pamoja na sufuria.

Nyumbani akachomeka gitaa: kimya. Akabadilisha waya: kimya. Jioni stima zikapotea mtaa mzima. Alipokuwa akipapasa mshumaa gizani, spika ikavuma, kisha ikasema kwa sauti yake yeye mwenyewe, ile ya upole: "Pole, Mama. Hii ilikufa, haitoi sauti tena."

Na hapo, kabla ya ile asante ya mjane, ndani ya spika mwanamume mwingine akaguna.