Mashine ya Upepo ya Baba Scola

Ndugu zangu wa Majimoto, na nyie mnaosoma mkiwa mbali, nisikilizeni. Nataka niwasimulie habari ya nyumba moja niliyoiona kwa macho yangu, maana tulikuwa tunapakana nayo ua kwa ua. Ni nyumba ya Mzee Gaudensi, mke wake Theopista, na binti yao Scola, rafiki yangu tangu darasa la kwanza.

Ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi Mama Scola anapepeta mchele, Scola anafagia uwanja huku akiimba nyimbo za kwaya, na mzee anaifuta Landrova yake taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Landrova ile ndiyo ilibeba watu na mpunga kwenda Mpanda. Barabara yetu mnaijua. Mvua ikinyesha, kwenye mbuga ya udongo mweusi dereva anapunguza upepo wa matairi ili yatandae, yasizame. Mkishavuka, kabla ya kuingia kwenye mawe, mnajaza tena. Na kujaza ilikuwa kazi ya wote. Pampu ya mkono inapita kwa abiria mmoja mmoja, kina mama wanaimba, na asiyejua kupiga anachekwa mpaka ajue. Ukimkuta mwenzako njiani tairi limelala, unasimama, mnapokezana pampu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi siku moja Mzee Gaudensi akaona pale Mpanda mjini gari la wawindaji lenye mashine ya kujaza upepo ndani ya boneti. Dereva wake alibonyeza tu, akakaa kivulini, matairi yakajaa. Tangu siku hiyo mzee wetu hakuwa na habari nyingine.

Alitafuta kompresa, yaani mashine ya kusukuma upepo, kwenye gari bovu, akapata na tangi la upepo la lori kuukuu, akampelekea fundi Athanasie kule Mpanda. Fundi akachomelea chuma cha kuishikilia kompresa pembeni ya injini, akaizungushia mkanda ule ule wa feni, tangi akalifunga chini ya bodi, akatoa mpira mrefu wa kufikia matairi yote. Kwenye tangi akaweka valvu ndogo, akamwambia mzee kwamba upepo ukizidi valvu itapumua yenyewe na kuutoa, asiiguse kabisa.

Kazi ile iliangukia wiki ambayo wazee wa upande wa Shadrack, mchumba wa Scola, walikuja kwa maneno ya posa. Baba mtu yuko Mpanda, amelala chini ya gari. Mjomba ndiye aliyekaa kwenye kiti chake. Scola hakulalamika, ila siku hiyo hakuimba.

Mzee aliporudi akamwambia, "Kikao ni maneno tu, mwanangu. Siku ya harusi nitakushika mkono mimi mwenyewe mpaka mbele ya padri."

Scola akalishika neno hilo. Alilirudia kwangu mara nyingi kuliko alivyomtaja Shadrack.

Sasa mngemwona mzee na mashine yake! Pampu ya mkono aliitupa, akasema ni ya watu wasio na kitu. Alikuwa akisimama sokoni makusudi, anajaza tairi ambalo halina shida, watoto wamezunguka. Lakini kumgawia mtu, hapana. Kashinje, kijana anayebeba mpunga kwa baiskeli, alimsimamisha njiani akaomba upepo kidogo tu. Mzee akamjibu kwamba upepo wa injini ukigawiwa hovyo injini inachoka, akapita. Na hakuwa Kashinje peke yake. Haikuchukua muda watu wakampa jina la Mzee Upepo, na yeye, masikini, akadhani wanamsifu.

Uchoyo ule ukaingia hata kwenye mashine yenyewe. Kila valvu ilipopumua alikunja uso. Nikiwa naanika mpunga uani kwetu, nilimwona anakata kipande cha tyubu, anaiziba valvu, anaikaza kwa waya. Nikamweleza Mama Scola, naye akamuuliza mume wake.

"Upepo wangu unapotea bure," mzee akasema. "Wewe unajua masufuria."

"Sufuria ninayoijua mimi," mama akamjibu, "ukiikandamiza mfuniko, mchuzi unamwagikia jikoni."

Tukacheka sote, na yeye mzee akacheka. Valvu ikabaki imezibwa.

Harusi iliwekwa mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mwaka wa ile mvua isiyokatika. Padri alikuwa anapita kwenye kigango cha kina Shadrack, ng'ambo ya mbuga, na adhuhuri lazima aondoke kabla mto haujajaa. Kwaresima ilikuwa mlangoni, na humo ndoa hazifungwi. Tukimkosa padri siku hiyo, ndoa ni baada ya Pasaka, kama barabara itakuwepo.

Tukapanda Landrova, Scola na shela lake kwenye mfuko wa nailoni, mimi mpambe wake, mama, mashangazi, na chungu cha wali juu ya mapaja yetu. Mbugani mzee akapunguza upepo, tukavuka vizuri, mashangazi wakapiga vigelegele. Akasimama penye mawe, akafungua boneti, akawasha mashine kwa madaha.

Tairi la kwanza likajaa. La pili likajaa. Mzee akataka tangi nalo lijae kabisa, ili akifika awaonyeshe wakwe. Akaenda kukanyaga mafuta. Mashine ikaanza kuguna. Mama akamwambia inatosha, twende taratibu hivyo hivyo. Mzee akamwambia atulie. Valvu imezibwa, upepo hauna pa kutokea. Kompresa ikakaza, ikagoma kuzunguka, mkanda ukatoa moshi, ukakatika pap. Na mkanda ule, mnakumbuka, ndio wa feni, ndio wa kupoza injini. Gari likawa limekwisha safari.

Pikapu moja ikaja, imejaa watu mpaka juu. Dereva akapunguza mwendo, akachungulia.

"Mzee Upepo! Leo umeishiwa?" akasema, watu wakaangua kicheko, wakapita. Kusema kweli hata nafasi hawakuwa nayo. Lakini nilimwona mzee anavyolitafakari lile jina, kwa mara ya kwanza.

Baadaye ukaja mkokoteni wa maksai. Aliyekuwa anauongoza ni mama mmoja wa Kisukuma, Ng'washi, anapeleka chumvi ya ng'ombe. Alimtazama mzee, akatazama boneti, akamtazama Scola. Hakuuliza mengi.

"Panda, ng'wanawane," akamwambia Scola, yaani mwanangu. "Hawa wa kwangu wanakula majani tu, mkanda hawana."

Mashangazi walicheka mpaka machozi. Tukashusha chungu, tukapanda juu ya chumvi. Mzee akabaki amesimama, mkono uko juu ya mashine.

"Tangulieni," akasema. "Nikiiacha hapa wataifungua."

Mama Scola akamsogelea. Hakupaza sauti. "Baba Scola, anayeolewa leo ni mtoto. Mashine haiolewi."

"Nakuja nyuma yenu, mke wangu. Natafuta mtu wa kuilinda."

Scola alimwangalia baba yake, akangoja. Maksai wakaondoka.

Tulifika padri ameshashika ufunguo wa gari. Alipoona bibi harusi anashuka kwenye mkokoteni, ana chumvi mpaka kwenye nywele, akacheka, akavaa tena stola yake ya ibada. Akauliza nani anamleta binti. Tukaangalia barabara. Hakukuwa na mtu. Mama Scola akajifuta chumvi, akamshika mwanawe mkono, akampeleka mwenyewe, na kwaya ikaimba kwa nguvu. Ilikuwa harusi ya furaha, nisiwadanganye. Ng'washi alicheza kuliko mashangazi wote.

Mzee alifika kwa miguu tunakula wali. Hakuna aliyemsema. Shadrack alimpisha kiti, akamnawisha. Alikula kidogo, akamwita Scola akae karibu naye. Scola akamwekea nyama.

Siku hizi mashine imepona, valvu inapumua inavyotaka, na mpira wa upepo unaning'inia nje ya gari kwa yeyote, mwenye baiskeli au mkokoteni. Lakini kwa Scola kuna picha moja ya harusi ukutani, mama mtu amemshika bibi harusi mkono mbele ya padri. Mzee akienda kuwatembelea, anakaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

MAFUNZO

Wenzangu, sisemi msinunue mashine. Mashine ni nzuri, na mgongo unauma. Ninachosema ni kwamba kitu ukikipenda mpaka ukawanyima wenzako, utaanza kuwanyima na wa nyumbani kwako bila kujua. Tukutane njiani, tusaidiane. Na mtoto wako akikungoja, acha boneti wazi, nenda. Mkanda unauzwa Mpanda; siku ile haiuzwi popote.