Mwizi Aliyeacha Mchele

Vyungu vilikuwa vitupu. Vyote, kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Mama Léocadie alisimama katikati ya ua wake huko Troyeville, mikono kiunoni, na hakulia.

"Wameiba mimea yangu ya dawa," alimwambia Inspekta Sumaiya kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Na leo mchana njo wakaguzi wa serikali wanakuja."

Inspekta Sumaiya alivaa glavu. Alizaliwa humu humu Johannesburg, baba yake mtu wa Tanga. Kiswahili alikisikia nyumbani. Upelelezi alijifunzia kazini.

"Wakaguzi wa nini, mama?"

"Wa leseni. Leseni ya kutibu kwa mimea. Nimesoma, nimefanya mtihani wao, nimepasi. Imebaki waje hapa, waone dawa zangu ziko hai, nizitaje moja moja. Wakikuta vyungu bure, leseni hakuna. Polisi wa jiji walishanikimbiza kama muuza bangi. Nikasema basi. Nitatibu mchana, mlango wazi, na karatasi yao ukutani."

"Una adui?"

"Adui sina. Niko na majirani."

Kufuli la geti lilikuwa limekatwa kwa mkasi wa chuma. Alama za vidole hazikupatikana. Ndani, runinga ilikuwapo. Simu ilikuwapo mezani, inachajiwa.

Mwizi wa Johannesburg anaacha simu, anabeba majani? Eish.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa ndani ya duka la zamani. Mchungaji wake, Hénock, alikuwa amehubiri Jumapili, kipaza sauti mkononi, kwamba majani ya Mama Léocadie ni ya shetani. Inspekta akamfuata.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkesha, na kanisa zima. Waulize."

"Ulisema mimea yake ichomwe."

"Nilisema ichomwe, sikusema iibiwe! Ningetaka kuichoma ningeichoma pale pale, watu waone. Niibebe ya nini? Tena na mgongo huu unavyoniuma."

"Mgongo unautibu na nini?"

Mchungaji alitazama viatu vyake.

"Nauliza, Mchungaji."

"Na dawa ya Mama Léocadie," alisema, sauti chini. "Lakini naiombea kwanza."

Inspekta alirudi uani. Alichuchumaa mbele ya chungu kimoja, akakitazama vizuri. Mwizi mwenye haraka hushika shina akavuta. Huyu hakuvuta. Alichimba pembeni, akatoa mmea na mizizi yake, kisha akausawazisha udongo kwa kiganja. Na juu ya udongo kulikuwa na punje nyeupe.

Kwenye chungu cha pili, vile vile. Na cha tatu.

"Mama, umepanda mchele hapa?"

"Mchele haupandwi, mama polisi. Unapandwa mpunga."

"Basi huu ni wa nani?"

Mama Léocadie aliinama, akaokota punje moja.

"Kwenu Bukavu, mtu aking'oa dawa anaacha nini?"

"Hatuachi kitu. Tunausemesha mmea, tunauambia mgonjwa ni nani, tunakata."

Sumaiya alimkumbuka baba yake akichimba mshubiri nyuma ya nyumba, yeye akiwa mtoto. Kabla ya kuondoka, mzee alitia mkono mfukoni, akanyunyiza mchele kwenye shimo. Dawa haichukuliwi hivi hivi, alisema. Usipoacha kitu, haitibu.

"Hii ni desturi ya kwetu Tanga," alisema Inspekta, akitia punje ndani ya mfuko wa ushahidi. "Unamjua mganga gani wa huko?"

"Hiyo usiniulize."

"Nakuuliza."

Mama Léocadie alijikalisha kwenye ukingo wa chungu. "Burhani. Yuko Hillbrow. Ni mwalimu wangu. Nilifika mji huu sijui mmea hata mmoja wa hapa, yeye njo alinionyesha. Lakini hawezi. Ile mzee hawezi."

"Mara ya mwisho mlionana vipi?"

"Nilimwambia naomba leseni. Hakunijibu. Alichukua kikombe changu cha chai, akakimwaga kwenye sinki."

Lifti ya ghorofa alimokaa Burhani huko Hillbrow ilikuwa imekufa zamani. Inspekta alipanda ngazi mpaka magoti yakalalamika. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Burhani alikaa kwenye kiti, kofia kichwani. Nyuma yake, barazani, kulikuwa kijani tupu: mimea ndani ya ndoo za mafuta ya kupikia, udongo bado mbichi, na kanga imetandazwa juu kuikinga jua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. U binti wa nani?"

"Leo ni binti wa polisi. Mimea hii ya nani?"

"Ya Mungu."

"Na kabla ya jana?"

"Ya Mungu vile vile."

"Kufuli umelikata na nini?"

"Kamuulize aliyelikata."

Inspekta aliweka ule mfuko wa mchele mezani. "Mwizi aliacha huu kwenye kila chungu."

Mzee aliutazama. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mkono huu!" alisema, akiuinua. "Niliuambia uibe, ukaiba. Lakini kuchukua bila kuacha ukakataa."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Nakiri. Andika. Andika na hili: sijuti."

"Kwa nini, mzee?"

"Jengo hili lote nimelitibu. Hata askari wenzako huja hapa wamevua sare. Serikali haikuniuliza kitu. Sasa mwanafunzi wangu anakwenda kuwainamia, wamuulize kama anajua! Akiipata hiyo leseni, kesho wataniambia: Burhani, wewe huna, funga. Yeye awe daktari, mimi niwe mhalifu. Kwa elimu ile ile niliyompa mimi!"

"Ungeomba na wewe."

"Siombi ruhusa ya kujua ninachokijua."

"Mbona basi hukuitupa?"

Mzee alikasirika kweli. "Kuitupa? Mimi mwizi, mwanangu. Si muuaji."

Alinyoosha mikono, akatiwa pingu, kidevu juu.

Mali ya wizi lazima itambuliwe na mwenyewe. Kwa hiyo gari la polisi lilipofika Troyeville, lilikuwa na ndoo za mimea na mzee nyuma ya wavu. Wakaguzi walikuwa wameshafika. Mama Léocadie alisimama mbele ya vyungu vitupu, anaeleza kila kimoja kilikuwa na nini, na mkaguzi mkuu, mama wa makamo, anatikisa kichwa. Hawezi kupitisha mmea asiouona.

Ndoo zikateremshwa. Inspekta alimnong'oneza Mama Léocadie yote aliyoyasikia Hillbrow. Mama Léocadie alisikiliza bila kupepesa, akaugeukia mmea wa kwanza.

"Hii ni mubirizi," aliwaambia wakaguzi kwa Kiingereza. "Majani yake machungu ni ya homa..."

"Na mizizi!" sauti ilinguruma kutoka ndani ya gari. "Umesahau mizizi! Ni ya tumbo!"

"Nilikuwa nafika huko, mwalimu!"

Mkaguzi hakuelewa Kiswahili. "Yule mfungwa ni nani?" aliuliza. "Anasema nini?"

Mama Léocadie angeweza kusema ni kichaa. Leseni ilikuwa hatua moja tu mbele yake.

"Ni mwizi wangu," alisema. "Na njo amenifundisha yote mtakayosikia hapa. Jina lake Burhani. Mliandike kwenye leseni, juu ya langu, ama msiandike kitu."