Sikio Juu ya Reli Iliyokatwa

Mimi sikuwapo, lakini Eleuterio tumekula naye chungu kimoja huku jangwani Tarapaká, na hana mzaha wa namna hii.

Machimbo ya chumvichumvi ya mbolea yalipokufa, wanunuzi wa vyuma chakavu walimtuma yeye na mzee Baldomero wakang'oe reli kwenye mteremko. Baldomero ndiye aliyekuwa msimamizi zamani, ndiye aliyeamuru mabehewa yashushwe bila breki, yakamsaga Nikanori, mwenzetu wa kazi. Sote tulijua. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Asubuhi ile ukungu wa baharini ulitanda, likawa giza la kuwasha taa. Kijumba cha mishumaa ya kumwombea tulichomjengea Nikanori pale alipofia kiliwazuia kufanya kazi. Baldomero akakipiga teke.

"Pisha, Nikanori. Hukujua kupisha ukiwa hai, hata umekufa unaziba njia."

Wakakata kipande cha reli pande zote mbili. Kisha mzee, kwa mazoea ya watu wa reli, akapiga magoti na kuweka sikio juu ya chuma.

"Unasikiliza treni gani, mzee wangu? Reli yenyewe haiendi popote," Eleuterio akamtania.

"Nyamaza. Inashuka." Akalikandamiza sikio. "Na haifungi breki."

Taa ikazimika. Eleuterio akamvuta mabega, kichwa hakikubanduka. Ndipo naye akasikia magurudumu ukunguni, yakija, yakipita, yakiishia.

Alipowasha taa, mzee alikuwa hapumui. Kipande kile kilikuwa na kutu ya miaka ishirini. Sasa uso wa juu wa chuma hicho uling'aa kama wa reli inayopitwa kila siku, na ulikuwa wa moto.