Mume Wangu na Breki ya Winchi ya Mdogo Wangu

Nilimkuta mume wangu dukani kwetu Kaloleni, Jumapili mchana, amepiga magoti, spana mkononi... anafungua breki ya winchi.

Si winchi yoyote. Ni ile ambayo mdogo wangu Naftali alikuwa aichukue kesho yake kwenda nayo mgodini Mererani.

Wapendwa, kaeni vizuri.

Kwa msionifahamu, naitwa Mama Violet. Nina diploma ya ugavi, na mimi na mume wangu Ludovick tunauza vifaa vya uchimbaji. Winchi zetu, zile mashine za kuvuta ndoo kutoka shimoni, ni ghali kuliko za jirani kwa sababu moja tu: hiyo breki. Anayeiendesha anashikilia mkono wa chuma muda wote. Akiuachia, winchi inajifunga palepale, ndoo ya mawe inabaki ikining'inia. Haimwangukii aliyeko chini shimoni.

Na aliyeko chini ni Naftali.

Asubuhi ile Ludovick aliniambia ana kikao cha wazee wa usharika baada ya ibada. Mimi nilipita dukani kuchukua chaja ya simu tu.

"Kikao kimeisha?"

Spana ikamdondoka.

"Nakagua tu, mama Violet."

"Unakagua kwa kufungua?"

Akaifunika ile breki kwa tambara kama mtu anayeficha chupa. Nikachukua chaja yangu. Kwangu wanajua, nikinyamaza hivyo wingu limeshakaa juu ya Meru, waanue nguo.

Alipoenda kunawa mikono, simu yake ikawaka mezani. Jina nisilolijua: Prisca.

"Ilete leo. Mkeo asijue kwanza."

Mkeo... asijue... kwanza.

Nikaanza kuunganisha. Siku zile alikuwa anapokea simu nje. Suruali zake zilirudi na vitundu vya kuungua, nikadhani kaanza sigara. Na breki zile zina wanunuzi wa mlango wa nyuma. Kumbe anauza uhai wa mdogo wangu amtunze mwanamke!

Nikaaga kama naenda nyumbani, nikajibanza kwenye kona. Haukupita muda, akaipakia winchi kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, breki kaishika mapajani. Nikasimamisha bodaboda.

"Mfuate yule, usimpite."

"Ni mume?" kijana akauliza.

"Endesha."

"Sawa, mama. Ila ushahidi mahakamani siji."

Toyo ikaishia Kisongo, kwenye gereji yenye fremu ndefu ya chuma ya kunyanyulia mizigo. Niliwaacha waingize winchi kwanza, nisikie nitakachosikia. Nikasikia cheche. Nikasikia kicheko cha mwanamke. Nikasukuma geti.

Prisca alikuwa ndani ya ovaroli, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kichwani. Ludovick pembeni yake. Na juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa... Naftali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hawa wamefungua breki yako. Unajua?"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwomba shemeji."

"Afungue breki inayokulinda?"

Alieleza akiwa anaangalia viatu vyake. Kule mgodini, mwendesha winchi ana fimbo mkono mmoja, ya kupanga kamba isijirundike. Mkono wa pili kashika kamba ya ishara: walioko chini wakiivuta mara moja, asimame, mara mbili, apandishe. Wa kushika breki hana. Kwa hiyo ile breki ninayojivunia wanaifunga kwa mpira wa baiskeli, mkono wa chuma ubaki umebanwa hata kama hakuna aliyeushika.

"Wote niliowauzia?"

"Wote, dada. Juzi aliyekuwa juu aliteleza. Ndoo ikashuka na mawe yake, ikapita hapa." Akagusa bega.

"Na hukuniambia?"

Ludovick ndiye aliyejibu. "Umebandika tangazo ukutani kwamba atakayegusa breki asirudi dukani. Nani angekuja kukuambia?"

Nikamgeukia fundi mwenyewe.

Prisca akanionyesha. Ameihamisha breki kutoka mkononi hadi mguuni. Pedeli walishaichomelea zile siku za suruali kuungua, leo ilibaki kuiunganisha tu. Ukikanyaga pedeli, winchi inazunguka. Mguu ukiinuka, inajifunga. Walitaka niione ikishafanya kazi, ndiyo maana ya ile "kwanza".

Maneno matamu. Lakini mimi mashaka yangu hayaishi kwa maneno.

"Nani ameijaribu?"

Naftali akamtazama Prisca, Prisca akamtazama Ludovick.

"Baba Violet, panda kwenye ndoo."

"Mama Violet..."

"Si ulisema unakagua? Kagua."

Akapanda. Naftali akashika fimbo huku, kamba ya ishara huku, akakanyaga. Ndoo ikainuka hadi usawa wa kimo changu, chini yake kuna mchanga. Hapo, bila kumwonya mtu, nikamsukuma Naftali begani kwa nguvu zangu zote.

Akayumba. Mguu ukatoka kwenye pedeli.

Tak!

Ndoo ikasimama hewani. Ludovick kaikumbatia kamba, anamwita Mungu kwa Kichaga.

Nikamwacha aning'inie kidogo. Kwa ajili ya kile kikao cha wazee.

Kesho yake nilibandua tangazo, nikawapigia wateja wote walete winchi zao, breki ihamie mguuni. Wa kwanza kufika alikuja na mpira wa baiskeli bado umefungwa. Nimeutundika dukani palepale lilipokuwa tangazo.

Wewe unayeuza kitu cha kuokoa maisha, nisikie. Mteja akikifunga kwa mpira, usikimbilie kumwita mjinga. Muulize kwanza mikono yake ilikuwa imeshika nini.