Mtikisiko wa Nusu Duara

Mtikisiko ulikuja mapema mno.

Kila mwalimu wa urubani anaujua mtikisiko huo. Ukiilaza ndege ubavu, ukazunguka duara zima bila kupanda wala kushuka, unarudi pale pale ulipoanzia na kukuta hewa uliyoivuruga mwenyewe. Ndege inaruka kidogo kama gari kwenye tuta, mwanafunzi anachekelea. Siku hiyo, Mwalimu na mwanafunzi wake wakiwa peke yao angani, ndege iliruka kabla hawajamaliza nusu ya duara. Kuna aliyewatangulia. Na mle ndani Mwalimu akasikia harufu ya mafuta ya nywele ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa na miezi miwili kaburini. Bawa lilimvunjikia kwenye kona kali kama ile, na Bosi, mwenye chuo, akaandika ripoti kwamba marehemu alijitakia. Eti alijitakia, mtu aliyemfundisha Mwalimu, dada yake, kurusha ndege. Mama yao aliisoma ripoti hiyo akaacha kula.

Mwalimu alimfuata Bosi ofisini, amefura, akamweleza mtikisiko na harufu ile.

"Hewa tu hiyo, dada yangu. Una majonzi."

"Basi twende ukaione."

Bosi alipanda ili asionekane mwoga. Kule juu Mwalimu akailaza ndege nyuzi sitini, mahali ambapo kila mwili huwa na uzito wake mara mbili, na Bosi ana mwili kweli kweli. Nusu duara, mtikisiko. Harufu ile. Kisha usukani ukavutwa na mikono isiyoonekana, kona ikazidi kukaza, mshale wa kipimo cha uzito ukapita mara mbili, ukapita mara tatu, ukauelekea mstari mwekundu, na bawa likaanza kulia kama mlango mbovu, na mashavu ya Bosi yakashuka na macho yakamwingia giza, naye akanong'ona, "Aliniambia. Aliniambia bawa lina ufa. Nikamwambia arushe hivyo hivyo."

"Kaka," Mwalimu akasema taratibu, "na mimi nimo humu."

Usukani ukalegea.

Walipotua na injini kuzimwa, Bosi alijifuta jasho, ulimi ukamrudia. "Huko juu sikusema kitu. Nani alisikia?"

Mwalimu akafungua mkanda wake. Ndipo ndege, iliyosimama kimya mbele ya ofisi, ikaruka kidogo. Harufu ikajaa. Mshale ukaanza kupanda wenyewe, mara mbili, mara tatu. Bosi alitaka kuinuka, asiweze. Kidevu kikamshuka kifuani, kiti kikalia chini yake.

"Dada," alinong'ona, "nisaidie."

"Nakusaidia, subiri."

Akashuka, akafunga mlango vizuri, akaenda zake ofisini bila haraka kutafuta karatasi na kalamu za ripoti mpya.