Mama Tarumbeta Anyamaza

Mama Tarumbeta aliuza nyanya sokoni. Jina hilo alipewa na wateja, maana akianza kunadi, hata waliosimama kituo cha basi waligeuka. Mumewe alikuwa kinyozi. Alipenda kutania, "Mke wangu akiniita, nusu ya mtaa inaitika."

Wiki ile mtaa mzima ulichangamka. Wakoloni walikuwa wanafunga virago! Bendera yao ingeshushwa uwanjani na ya nchi ingepandishwa. Kisha kwaya ingeimba wimbo mpya, kwa lugha ya wenyewe. Na nani angeanzisha wimbo huo, peke yake, mbele ya umati? Mama Tarumbeta!

Zamani haikuwa hivyo. Alipokuwa msichana, kwaya iliimba sifa za mfalme wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mwalimu wa kwaya, Mzungu, alimwambia, "Sauti yako ni kubwa mno. Simama nyuma. Fungua mdomo, lakini usitoe sauti." Akafungua mdomo hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Sasa alitaka asikike mpaka ukuta wa mwisho wa uwanja.

Basi akafanya mazoezi kwa pupa. Asubuhi aliimba jikoni, katikati ya moshi. Mchana alinadi nyanya. Jioni aliimba tena, tena kwa kupiga kelele. Siku chache kabla ya sherehe aliamka, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango mbovu.

Nyumba nzima ikashikwa na hofu. Kila mtu akawa mganga. Mama mkwe alileta pilipili. Mama Tarumbeta akaitafuna mpaka machozi yakamtoka, na koo likazidi kuwasha. Akaanza kunong'ona kutwa nzima, akidhani anaitunza sauti. Kinyozi naye alikuwa amesikia kwamba mafuta ya taa husafisha koo. Binti yao alipoona baba anatafuta kijiko, alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa zahanati.

Muuguzi aliingia bila kubisha hodi.

"Shemeji, weka chini hicho kijiko! Mafuta ya taa ni ya taa. Ukimnywesha mtu unaweza kumuua."

"Nilikuwa nanusa tu," alisema Kinyozi.

Muuguzi akamtazama Mama Tarumbeta kooni. "Pole, dada. Umeichosha sauti, na koo limevimba. Dawa yake ni kunyamaza."

"Nitanong'ona," alinong'ona Mama Tarumbeta.

"Hata kunong'ona usinong'one. Kunachosha koo vilevile. Nyamaza kabisa. Kunywa maji mara kwa mara. Kaa mbali na moshi, na pilipili acha. Wengi hupona hivyo. Sauti isiporudi baada ya wiki mbili tatu, njoo zahanati upimwe."

Machozi yakamlengalenga Mama Tarumbeta, na safari hii hayakuwa ya pilipili. "Yule mwalimu alinikataza kutoa sauti," alinong'ona. "Na wewe pia?"

Muuguzi akamshika mkono. "Yule alikunyamazisha ili usisikike. Mimi nakunyamazisha ili usikike."

Mama Tarumbeta akafunga mdomo wake.

Jamani, ilikuwa kazi! Binti aliuza nyanya. Kinyozi alipika. Mama Tarumbeta alipewa kopo na kijiko: akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Chakula kitamu, mke wangu?"

Ko! Ko!

Kinyozi aliunguza sufuria kubwa, akaificha chini ya kitanda. Kisha akawatambia wateja wake, "Kwangu mimi uhuru umefika mapema. Nyumba ni kimya!" Mama Tarumbeta alisikia yote. Aligonga kopo mpaka likabonyea, lakini hakusema neno.

Asubuhi ya sherehe muuguzi alimwambia avumishe wimbo taratibu, midomo ikiwa imefungwa. Sauti ikatoka safi. Binti akaruka juu kwa furaha.

"Sasa usipige kelele," alisema muuguzi. "Vuta pumzi mpaka tumboni, kisha iachie."

Uwanja ulijaa pomoni. Bendera ya zamani ikashuka. Mpya ikapanda, na watu wakainua nyuso kuitazama. Mama Tarumbeta alikuwa amesimama mbele kabisa. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Tumefikaaa!"

Sauti ikaenda mpaka ukuta wa mwisho, ikaupita. Wapita njia barabarani wakasimama. Kwaya ikaitika, uwanja mzima ukaitika. Mama mkwe alilia bila kuficha uso. Muuguzi alipiga vigelegele mpaka binti akamwonya, "Mama mdogo, utachosha koo!"

Wimbo ulipokwisha, Kinyozi alipenya katikati ya watu, mikono wazi, machozi mashavuni.

"Mke wangu! Umerudi! Hebu niambie neno na mimi nisikie."

Mama Tarumbeta akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Sufuria yangu kubwa iko wapi?"

Nusu ya uwanja ikageuka kumtazama Kinyozi.