Mjusi Katika Mtungi wa Mafuta

Kila asubuhi Tirza alikuwa na kazi tatu: kuchambua dengu, kuwapa mbuzi majani, na kuchota mafuta ya zeituni kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliokaa ghalani. Mbili za kwanza alizifanya huku akinung'unika. Ya tatu aliipenda, kwa sababu mama hakumruhusu mtoto mwingine yeyote kuugusa mtungi ule. Lakini jana yake rafiki yake Noa alimwita wakacheze vijiwe, naye akatoka mbio bila kuufunika.

Sasa alisimama mbele ya mtungi. Mjusi alikuwa akielea juu ya mafuta, amekufa.

Katika kijiji chao cha Galilaya hata mtoto mdogo alijua maana yake. Torati ilisema wazi: mzoga wa mjusi ukiangukia chombo cha udongo, kilichomo ni najisi, hakiliwi, na chombo chenyewe huvunjwa. Na mafuta yale yalikuwa ya karamu ya dada yake Mahalathi, ambaye angeolewa baada ya siku mbili!

Tirza alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Alimtoa mjusi kwa kijiti, akamrusha nje ya ukuta, kisha akachota mafuta akayatia kwenye gudulia la udongo kama kawaida. Nani angejua?

Uani, mama alikuwa akikanda unga wa shayiri pamoja na jirani yao Hulda. Bibi alikaa kivulini akiwakosoa wote wawili.

"Wewe! Ulikuwa unayakamua huko?" mama alimtania. "Haya, lete."

"Mwache jamani," Hulda alicheka. "Naye anaota harusi yake."

Mama alinyoosha mkono. Tirza alilikumbatia gudulia. Aliwafikiria wageni wote wakichovya mkate wao kwa furaha, wakila wasichokijua.

"Mama, usiyatie!" alisema huku machozi yakimtoka. "Mjusi amefia mtungini. Mimi sikuufunika."

Mahalathi, aliyekuwa akishona mlangoni, aliangusha sindano. "Tirza! Harusi yangu!"

"Nisamehe, dada."

Mama aliuweka unga kando. Kisha alifunga kibwebwe, akayamimina mafuta kwenye vyungu vikuukuu vya taa, maana kuyawasha hakukukatazwa. Alichukua mchi akauvunja mtungi, halafu gudulia. Kila pigo lilimchoma Tirza.

"Machozi hayajazi mtungi," Hulda alimwambia. "Nina mtungi wa jiwe nyumbani, na jiwe halishiki unajisi. Twende tukaombe mafuta. Kifuniko utakibeba wewe, usije ukakisahau tena!"

Wakapita mlango kwa mlango. Tirza mwenyewe ndiye aliyeeleza kilichotokea, uso ukimwiva kwa aibu. Kila mama alichota kata moja, wengine mbili. Mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe mjusi kaalikwa harusini kabla yetu!" Kabla ya adhuhuri mtungi ulikuwa umejaa, ikabidi wasaidiwe kuubeba.

Waliporudi, bibi alimwita Tirza akae karibu naye.

"Mjukuu wangu, uzembe wako umetutia hasara, na hilo ulikumbuke," alisema. "Lakini sikiliza. Sheria zetu za chakula hazina askari. Ghalani mtu huwa peke yake na Mungu wake. Watu wetu wanakula nyumba hii na ile bila wasiwasi kwa sababu kila anayeshika kata husema kweli, hata ikimuuma. Leo umekuwa mmoja wao. Najivunia wewe."

Siku ya harusi mama alimkabidhi Tirza kazi ya kuwamiminia wageni mafuta. Hulda, ambaye kwa kawaida huuliza maswali kumi kabla ya kuonja chakula cha watu, alimega mkate, akauchovya katika bakuli alilojaza Tirza, akala bila kuuliza neno.